Swali la Mlangoni

Kazi yangu ilikuwa swali moja.
Kiti cha plastiki, koti la baba, daftari lenye safu mbili,
na swali: Je, una chombo chochote moyoni?

Wengi walicheka.
Mwalimu mmoja kutoka Šilutė alisema, "Nina deni tu."
Kijana akasema, "Nina huyu,"
akamtazama msichana; msichana akatazama viatu.
Sikuwazuia hao. Niliowazuia ni wenye betri.

Nyuma yangu, ndani ya kituo cha zamani cha umeme
kando ya mto Danė,
Jogilė alikuwa ametundika sindano elfu moja na mia mbili,
kila moja kwa uzi wa hariri, usawa wa kifua cha mtu mzima.
Chini ya sakafu alizika koili tatu za shaba.
Taa ilikuwa moja tu, nyuma ya kipande cha kaharabu
alichookota shangazi yake ufukweni baada ya dhoruba,
na mbu ndani yake, mguu mmoja kaukunja.
Mwanga ukipita humo
hutoka na rangi ya chai iliyosahauliwa.

Koili zikiwashwa, huoni kitu.
Ila sindano hugeuka, zote, polepole,
kama watu waliosikia jina lao likiitwa sokoni
wakajifanya hawakusikia.

Upepo hubeba vumbi la kujitangaza.
Maji hulowesha.
Hii haina harufu, haina mkono,
na bado chuma kinaitii.

Alhamisi, mvua ya mawe, akaingia Zenonas.
Fundi wa humu humu, miaka thelathini na moja.
"Hapo ulipokaa," akaniambia, "palikuwa na transfoma namba nne.
Ilinichoma nyusi zote mbili. Moja haikurudi."
Nikauliza swali langu.
Akafungua vifungo viwili vya shati:
chini ya mtulinga, uvimbe wa pembe nne,
kama kiberiti kilichosahauliwa katika mfuko wa ngozi.

Nikamwambia haruhusiwi.
"Kwenye jengo langu?"
Akasimama kwenye utepe wa manjano, kofia mkononi, ikidondosha maji.
"Umeme ni jina moja tu," akasema,
"la kinachopasua mti na kinachochemsha birika.
Nimeupeleka mji mzima. Sasa nautumia kidogo,
wa saa ya mkononi, na ndio unaonizuia mlangoni."

Nilimwita Jogilė. Alikuja akitafuna mkate mweusi.
Alimtazama mzee, akatazama sindano,
kisha akavuta swichi.

Mvumo ukakatika;
ndipo nilipojua kwamba siku zote ulikuwepo.

Nilidhani sindano zitalegea.
Hazikulegea. Ziliyumba, zikatangatanga,
kisha moja, kisha kumi, kisha ukumbi mzima
zikaelekea upande mmoja, upande wa Palanga na mbele zaidi,
ng'ambo ya nchi ambazo sijafika.

"Nani anazivuta tena?"
"Huyo," akasema Zenonas, "hana swichi,"
akapita chini ya utepe.

Alitembea kama mtu anayepita kati ya nguo za kuanikwa za jirani.
Funguo mfukoni mwake zilizisumbua sindano chache;
zilimgeukia, zikamwacha.
Kwenye kaharabu akasimama. Kibao kilisema: USIGUSE.
Akaisugua kwa mkono wa sweta, haraka, kitoto,
akaisogeza kichwani,
na nywele zake chache zikasimama, nyeupe,
mbele ya mbu yule.
Jogilė aliacha kutafuna.
Mimi nilitazama dirisha.

Saa kumi na mbili nikafungua daftari.
Safu ya kwanza: Walioingia. Ya pili: Waliozuiwa.
Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu.
Nje, mvua ilikuwa imekwisha
na taa za daraja zilikuwa zinawaka, moja baada ya nyingine,
bila ya mtu.